Njia ya Baiskeli Ambayo Unaweza Kusimama

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ninaandika kutoka huku Nyamache. Chama chetu cha Kiswahili kiliponiomba niandike makala ya mafunzo, wenzangu walidhani nitaandika juu ya ngeli au mashairi. La hasha. Nitaandika juu ya baiskeli na barabara, kwa maana sisi wa shule ya kutwa tunaijua barabara kuliko mwanafunzi wa bweni anavyokijua kitanda chake. Tunaiamkia kabla jogoo hajamaliza kuwika na tunaiaga jioni kukiwa na giza.

Nimechagua mada hii pia kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu nyumbani. Kaka yangu alikuwa akipeleka maziwa kwa baiskeli kila asubuhi, halafu anaenda shule. Siku moja ya mvua alianguka kwenye mteremko wa bondeni, akavunjika mfupa wa bega. Alikosa muhula mzima, na ndiyo maana leo yuko darasa moja nami. Baba alidhani alikuwa akishindana na wavulana wengine. Kaka akasema, "Baba, nilikuwa nimeshika breki tangu juu." Hakuna aliyemwamini. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na methali hiyo ilirudiwa nyumbani mpaka ikawa kama jina lake. Baiskeli ikafungiwa ghalani, ufunguo ukaingia mfukoni mwa Baba.

Mimi natembea zaidi ya saa moja kwenda shuleni. Nilipoomba ile baiskeli Baba alinijibu, "Baiskeli haijui huyu ni mtoto wa nani. Nionyeshe kwanza njia ambayo unaweza kusimama." Basi nikaanza kuitafuta. Haya ndiyo niliyojifunza.

SOMO LA KWANZA: BARABARA TULIVU NI IPI?

Watu wengi hufikiri kwamba barabara tulivu ya kuendeshea baiskeli hupatikana mahali pasipo watu, kule milimani ambako unapita nyumba moja kwa saa nzima. Kama ni hivyo, sisi hatuna bahati. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba moja. Jirani zetu wa kaunti ya Narok walikuwa takriban 65 kwa kilomita mraba. Kwetu ukianguka huwezi kukosa mtu wa kukucheka, na baada ya kukucheka atakuinua.

Lakini utulivu wa barabara hauletwi na uchache wa watu. Huletwa na uchache wa magari na pikipiki, na huo unategemea njia na saa. Fikirieni barabara zetu za changarawe zinazopita katikati ya mashamba ya majani chai. Asubuhi na mapema ni kimya kabisa. Ikifika alasiri ya siku ya kuchuma, magari ya viwanda huja kwenye vituo vya kununulia majani, na barabara ile ile inakuwa nyembamba kama uzi. Siku ya soko nayo pikipiki zina mbio, abiria wawili na kuku juu.

Kwa hiyo usiulize tu, "Barabara hii ni tulivu?" Uliza, "Ni tulivu saa ngapi, na siku gani?" Mimi nilikaa kwenye njia panda kwa Jumamosi mbili na daftari, nikahesabu magari na pikipiki. Jirani mmoja alidhani nimetumwa na watu wa kodi.

SOMO LA PILI: KUSOMA KILIMA KABLA YA KUFIKA

Nchi yetu ya Gusii ni ya migongo na mabonde. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vilima vingi huku Bobasi vimepita kimo hicho. Kati ya mgongo na mgongo kuna kijito, na vijito vingi vya upande huu huishia mto Gucha, unaokwenda mpaka Ziwa Victoria. Mashamba yetu ni vipande virefu vinavyoanzia barabarani juu na kuteremka hadi mtoni.

Sasa ona jambo hili. Barabara inayofuata mgongo huzunguka, ni ndefu, lakini haipandi wala kushuka sana. Njia inayokata bonde ni fupi, lakini inashuka kama ngazi mpaka kwenye daraja na kupanda upande wa pili. Mtu wa miguu huchagua fupi, na ana haki. Mtu wa baiskeli akichagua kama mtu wa miguu, anajitafutia matatizo.

Kilima unaweza kukisoma kwenye ramani zile tunazotumia katika Jiografia, za kipimo cha 1:50,000. Hapo sentimita 2 ni kilomita 1, na milimita 1 ni mita 50. Mistari ya kontua katika ramani niliyotumia imepishana kimo cha mita 20. Angalia chini ya ramani yako uhakikishe, kwa sababu nyingine zina kipimo tofauti. Chukua rula na upime nafasi kati ya kontua moja na nyingine, ukifuata barabara yenyewe:

1. Nafasi ikiwa milimita 8, hiyo ni mita 400 ardhini. Unashuka mita 20 katika mita 400, yaani mwinamo wa 1 kwa 20.

2. Nafasi ikiwa milimita 4, hiyo ni mita 200. Mwinamo ni 1 kwa 10.

3. Nafasi ikipungua milimita 4, mwinamo ni mkali kuliko 1 kwa 10. Weka alama ya kalamu nyekundu.

Ramani nyingi ni za zamani na barabara zimebadilika. Kilima hakijabadilika. Hata hivyo, usiiamini ramani peke yake, nenda ukatembee njia hiyo kwa miguu. Ramani haionyeshi shimo lililochimbwa na mvua ya wiki iliyopita.

SOMO LA TATU: KUPIMA BREKI

Hapa ndipo nilipoanza kushangaa. Fundi wa baiskeli pale sokoni, mzee ambaye ametengeneza magurudumu tangu kabla sijazaliwa, alituazima baiskeli ya aina ile ile ya kaka: nzito, isiyo na gia, yenye breki za fimbo na raba mbili zinazobana rimu. "Chukua, binti," alisema, "lakini urudi na magurudumu mawili." Tulienda mimi na kaka kwenye uwanja ulio sawa. Tulipima mita 20 kwa kamba na kusimika vijiti viwili.

Niliendesha kwa mwendo wa kawaida. Kaka alishika saa. Nilivuka zile mita 20 kwa sekunde 5, yaani kasi ya mita 4 kwa sekunde. Mtu mwenye mbio angeweza kunipita. Kwenye kijiti cha pili nikashika breki zote mbili kwa nguvu zangu zote. Breki kavu zilinisimamisha ndani ya mita 3. Halafu tukamwaga maji kwenye rimu na raba, kama siku ya mvua, tukarudia mara kadhaa. Safari hii nilisimama baada ya mita 8.

Katika Fizikia tumefundishwa kwamba ukizidisha kasi kwa kasi, kisha ukagawanya kwa umbali mara mbili, unapata jinsi kasi inavyopungua kila sekunde. Tuifanye pamoja:

Breki kavu: 4 × 4 = 16. Mara mbili ya mita 3 ni 6. 16 ÷ 6 = karibu 2.7.

Breki zilizolowa: 16 ÷ 16 = 1.

Maana yake, breki kavu zilipunguza kasi yangu kwa mita 2.7 kwa sekunde katika kila sekunde moja. Breki zilizolowa zilipunguza mita 1 tu. Si nusu hata! Ishike hiyo namba 1, tutaihitaji.

SOMO LA NNE: KILIMA CHA KAKA

Dunia inapovuta kitu kinachoanguka, huongeza kasi yake kwa karibu mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwenye mteremko haikuvuti yote, inakuvuta sehemu tu. Mwinamo wa 1 kwa 10 hukuvuta kwa sehemu moja ya kumi, yaani 1. Sasa linganisha: kilima kinaongeza 1, breki zilizolowa zinapunguza 1. Moja kutoa moja ni sufuri.

Mpenzi msomaji, soma hapo tena polepole. Kwenye mteremko wa 1 kwa 10, siku ya mvua, na breki kama zile, unaweza kubana breki mpaka vidole viume na baiskeli isisimame. Itaendelea kwa kasi ile ile mpaka mteremko uishe, au mpaka kona ikukute.

Nilichukua rula nikapima mteremko aliouangukia kaka. Katika sentimita 1 ya ramani kulikuwa na nafasi tatu za kontua. Hiyo ni mita 60 za kushuka ndani ya mita 500, karibu 1 kwa 8. Kilima kinavuta 1.2, breki zinazuia 1. Maana yake kasi inaongezeka hata kama umeshika breki!

Tena hatujaweka maziwa. Mimi na ile baiskeli pamoja ni karibu kilo 70. Ukifunga mtungi wa kilo 20 kwenye keria, jumla inakuwa 90. Nguvu ya mkono ni ile ile, raba ni zile zile, lakini mzigo ni mkubwa. 70 gawanya kwa 90 ni karibu 0.8, kwa hiyo breki sasa zinazuia 0.8 tu, na kilima bado kinavuta 1.2. Kila sekunde kasi inaongezeka, upepo tu ndio unaosaidia kuizuia. Na chini ya mteremko ule kuna kona ya udongo mwekundu ambao ukilowa unateleza kama sabuni.

Kaka aliitazama ile hesabu kwa muda. Kisha akasema, "Si niliwaambia?"

SOMO LA TANO: KUCHAGUA KATI YA NJIA TATU

Kutoka kwetu hadi shuleni kuna njia tatu. Nimezipa majina yangu.

Njia ya Bonde ni kilomita 5. Haina magari kabisa, na kwa masikio ni tulivu kuliko zote. Lakini ina miteremko miwili yenye alama nyekundu. Ni njia ya miguu.

Njia ya Lami ni kilomita 7. Miinamo yake ni ya wastani, na lami haina matope. Ila asubuhi matatu zinakimbilia abiria, na pembeni hakuna nafasi ya baiskeli. Ukisukumwa nje ya lami unaingia mtaroni.

Njia ya Mgongo ni kilomita 8, changarawe, kupitia kwenye mashamba ya chai. Asubuhi kabla ya saa moja nilihesabu pikipiki nne na gari moja. Nafasi ndogo kabisa kati ya kontua ni milimita 9, isipokuwa sehemu moja fupi karibu na kijito ambayo ina milimita 5. Hapo ninashuka na kusukuma. Kusukuma si aibu. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, kilomita 8 ni dakika 40, na hata nikisukuma ninafika mapema kuliko nikitembea ile Njia ya Bonde.

Kwa hiyo ile ndefu ndiyo ya haraka na ndiyo salama. Haraka haraka haina baraka, na hapa hata haina haraka yenyewe.

Kutokana na haya nilitunga kanuni moja ambayo ningependa kila mwenye baiskeli aikariri. Naiita Kanuni ya Milimita 8: kwenye ramani ya 1:50,000 yenye kontua za mita 20, kama nafasi ni milimita 8 au zaidi, endesha. Kama ni chini ya 8 na kumenyesha, au umebeba mzigo, shuka. Kama ni chini ya 4, shuka hata kukiwa kukavu. Ukipiga hesabu ya milimita 8 utaona sababu. Kilima cha 1 kwa 20 kinavuta 0.5, na hata breki zilizolowa zenye mzigo zinazuia karibu 0.8. Zinabaki 0.3 za kukusimamisha. Utahitaji mita zipatazo 27, lakini utasimama.

Mvua nayo ina saa zake. Huku kwetu mvua nyingi hunyesha alasiri na jioni, hasa kuanzia Machi hadi Mei, na mara nyingi huja na radi. Maana yake njia iliyo salama asubuhi inaweza kuwa hatari saa za kurudi. Mimi nimejiwekea sheria: mvua ikininyeshea njiani nashuka kila mteremko, nikifika nyumbani nimechelewa basi nimechelewa.

WANAOENDESHA MBALI

Msidhani mambo haya ni ya watoto wa shule tu. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, mara ya kwanza katika bara letu. Nchi ile ina vilima kama vyetu, na vilima hivyo ndivyo vilivyowachuja waendeshaji. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kushinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alianza kufundishwa baiskeli na Mkenya David Kinjah katika vilima vya Kikuyu. Na jirani zetu wa Narok, katika eneo la Maasai Mara, wamekuwa na mashindano ya Migration Gravel Race tangu mwaka 2021. Watu hutoka ng'ambo kuja kutafuta barabara za changarawe zisizo na magari, kama hizi ambazo sisi tunazilalamikia.

Ukivuka Nyangusu kuelekea Trans Mara, nyumba zinaanza kuachana. Huko ndiko kwenye ule utulivu wa kweli ambao watu wanauota. Lakini huko hakuna fundi kila baada ya kilomita moja. Anayetaka kwenda abebe pampu, viraka na gundi, spana, na maji ya kutosha. Asiende peke yake, na aseme nyumbani anapitia wapi na atarudi saa ngapi. Uchache wa watu ni mzuri mpaka tairi lipasuke.

HITIMISHO

Nilimwonyesha Baba ramani na daftari langu jioni moja baada ya chakula. Baba ni mkulima wa chai, hakusoma Fizikia, lakini mambo ya mizigo na vilima anayajua. Alifuata hesabu kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipofika kwenye ile 1.2 na 0.8 akasimamisha kidole. Akaniuliza, "Kwa hivyo alikuwa ameshika breki?" Nikajibu, "Ndiyo, Baba."

Hakusema neno lingine usiku ule. Asubuhi tulikuta ufunguo wa ghala juu ya meza. Baba alimwambia kaka, "Badilisha raba za breki kwanza. Pesa utazipata kwa mama yako." Na ile methali ya guu, tangu siku hiyo, sijaisikia tena nyumbani kwetu.

Sasa tunatumia baiskeli kwa zamu. Mtungi wa maziwa unapitia Njia ya Mgongo, na kwenye ile sehemu ya milimita 5 anayeendesha anashuka, awe mimi au kaka. Wanafunzi wenzangu, kabla ya kusema aliyeanguka alikuwa na kiburi, pimeni kilima. Nanyi walimu wetu, tunawashukuru kwa ramani na kanuni mlizotufundisha. Tulidhani ni za mtihani tu.

ZOEZI

1. Njia yako ina sehemu ambapo kontua mbili za mita 20 zimeachana kwa milimita 5 kwenye ramani ya 1:50,000. Tafuta mwinamo wake. Je, utaendesha au utashuka siku ya mvua?

2. Pima breki za baiskeli yako kwenye uwanja ulio sawa, zikiwa kavu kisha zikiwa zimelowa. Usifanye jaribio hili kilimani!

3. Hesabu magari na pikipiki kwenye njia yako kwa saa moja asubuhi na saa moja jioni. Lete majibu chamani, tutengeneze ramani ya njia tulivu za shule yetu.

Kwaherini, na mwendo mwema.